Vigingi Vilivyorudishwa Vimeoshwa

Vijana wa ofisi ya maji, siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu, kwa sababu mmekuta madaftari ya zamani kabatini na hamwelewi kwa nini moja lina alama ya kiatu kwenye jalada. Nitawaeleza. Nani alipanda cheo na mwaka gani, someni kwenye mafaili. Mafaili hupenda mambo hayo kuliko mimi.

Niliingia kazini mwaka mmoja kabla ya uhuru. Karatasi zote ziliandikwa Stanleyville, lakini sisi tulisema Kisangani, wala hatukumwomba mtu ruhusa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, na babu wa babu yangu alifika hapa kutoka Maniema pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu kule mtoni hakuna aliyelisahau.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Papa Bolamba, mtu wa Yanonge, mfupi, mwenye koti la kaki ambalo hakulivua hata jua lilipokuwa kali. Alinipeleka kwenye maporomoko, kwenye mbao nyeupe ya kupimia kina cha maji iliyopigiliwa mwambani, akaniamuru nisome. Nilisimama nikasoma. Akaniambia nipige magoti.

“Jicho na mayi biwe sawa,” alisema, akionyesha maji. “Ukisimama, unasoma kiburi yako.”

Nikapiga magoti, suruali mpya ikalowa, nikasoma tena. Tofauti ilikuwa sentimita nne. Akanifundisha kungoja mawimbi kumi kabla ya kuandika, kutumia penseli ngumu kwa sababu wino hukimbia ukipata tone moja, na kubeba daftari ndani ya mfuko wa turubai, kifuani, si mfukoni. Na jambo moja alilirudia kila juma mpaka nikachoka kulisikia: “Hapana kuandika siku yenye haukuona. Kama haukufika, acha nafasi wazi. Nafasi wazi haisemi uongo.”

Kwa muda mrefu sikumwona akicheka. Nilidhani ananificha kitu. Kwenye ofisi ile kila mtu alidhani mwenzake anaficha kitu, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Uhuru ulipokuja, injinia Mzungu aliondoka na mabegi mawili na mbwa. Baada ya miezi akaja injinia mwingine, mtu wetu, kutoka mji mkuu, suti ya kijivu, Kifaransa safi. Alifungua kabati, akatoa ramani ile ile aliyoiacha Mzungu, akatia sahihi yake juu. Ilikuwa ramani ya bwawa la umeme. Umeme mdogo tulikuwa nao tayari kutoka mto Tshopo, lakini hili lingekuwa kubwa, na lingefunga mkono wa mto pale pale ambapo wavuvi husimamisha magogo yao kwenye maji yaendayo kasi na kuning'iniza vikapu virefu vya kutegea samaki. Injinia alieleza kwamba mkono ule hukauka wakati wa kiangazi, kwa hiyo wavuvi hawatapoteza chochote. Daftari langu lilikuwa mezani mbele yake. Hakulifungua.

Tulianza kupanda vigingi vya kuonyesha bwawa litapita wapi. Kila kigingi kilikuwa na kichwa chekundu na namba. Tulivipanda siku nzima, tukarudi ofisini, Makiso, katikati ya mji. Asubuhi yake, nilipofika kufungua ofisi, vilikuwa barazani. Vyote. Vimeoshwa matope, vimefungwa kwa kamba ya msituni, namba zimepangwa kwa mfuatano.

Injinia aliita polisi. Polisi akauliza nini kimeibwa. Hakuna. Nini kimevunjwa. Hakuna. Akaandika kwenye karatasi yake, “Vitu vimerudishwa kwa mwenyewe,” akaenda zake.

Tukavipanda tena, na tena vikarudi. Mara ya tatu hatukupata nafasi ya kuvipanda. Tulipofika kwenye jiwe tulilopangiwa siku ile, wanawake kama thelathini walikuwa wamekaa juu yake na sufuria zao, wanakata pondu, yale majani ya muhogo, wanachambua samaki. Katikati alikaa mjane mnene, Mama Tabita, mwenye kukausha samaki kwa moshi, ambaye kaka yake Elia alikuwa mkuu wa magogo upande ule.

“Mama, tunaomba mutupishe,” nilisema.

Alinitazama kutoka viatuni mpaka kofiani. “Weye iko mutoto ya nani?”

Nikamtajia baba yangu.

“Ah. Babu zako walifika hapa na kamba mukononi. Weye umefika na piquet.” Alivitazama vigingi vyetu, akarudi kwenye samaki wake. “Hatukatai kazi yenu. Tunaikala tu.” Yaani, wamekaa tu.

Injinia aliomba askari, akapewa wawili. Walimwinua Mama Tabita kwa shida, mmoja kwapani, mwingine miguuni, wakambeba juu ya mawe yanayoteleza mpaka ukingoni. Alipowekwa chini akasema, “Merci, batoto yangu. Miguu ilikuwa inaniuma.” Kisha akarudi kwa miguu yake mpaka kwenye jiwe, akakaa. Wakambeba tena. Safari ya nne askari mmoja aliteleza akaingia majini mpaka kiunoni, na ni Elia aliyeruka akamvuta. Baada ya hapo askari walikaa juu ya jiwe pamoja na wanawake, wakapewa samaki na kwanga, mikate ya muhogo, wakala. Injinia alikuwa amesimama peke yake ukingoni, suti imelowa magotini.

Wavuvi wale hawakupiga mtu hata mara moja. Nilimsikia Elia akiwaambia vijana wa magogo, waliokuwa na mikono kama mashina ya miti: “Mutu akipiga mutu ya serikali, ametuuza. Mukipiga mumoja, kesho watatuma mia moja, na watakuwa na haki.”

Lakini kilichomtesa injinia kilikuwa kingine. Kila asubuhi tulikuta wanawake wamekaa mahali pale pale tulipopanga kwenda. Tukibadili mahali, nao walikuwa wamebadili. Mpango wa siku uliandikwa jioni ndani ya ofisi, na waliouona ni watatu: yeye, Papa Bolamba na mimi.

Aliniita, akafunga mlango. “Kuna mtu anatoa habari. Ni wewe au ni yeye.”

Nilisema si mimi.

“Basi andika unachojua.”

Nawaomba mjue hali yangu, ingawa si kisingizio. Juma lile nilikuwa nimemwona Papa Bolamba ukingoni akizungumza na Elia kwa sauti ya chini, na Elia akampa liboke, samaki aliyefungwa kwenye majani. Aliponiona aliukunja uso. Hakunieleza, nami sikuuliza. Nilienda nyumbani nikalifikiria liboke lile mpaka likawa kubwa kuliko mto. Kwa hiyo niliandika mistari miwili: Papa Bolamba huzungumza na wavuvi. Hupokea samaki. Kila neno lilikuwa kweli, na karatasi nzima ilikuwa uongo.

Siku tatu baadaye Papa Bolamba alihamishwa Yanonge, kusoma mbao ya kule, peke yake, bila msaidizi. Alinikabidhi penseli na ufunguo wa sanduku la madaftari. Hakunilaumu, na hilo nililichukua kama ushahidi kwamba ana hatia. Mtu akishaanza kushuku, hata ukimya wa mwenzake unamtosha.

Wanawake waliendelea kukaa mahali tulipopanga kwenda. Hilo lingetosha kunifungua macho. Badala yake nilianza kumshuku mfagiaji wa ofisi.

Kisha ukaja uasi dhidi ya serikali, na waasi wakauteka mji. Injinia aliondoka kwa mashua asubuhi moja, ameacha ramani mezani na koti la suti kwenye kiti. Mimi nilibaki, kwa sababu sikuwa na pa kwenda na mbao ilikuwa bado inangoja kusomwa. Ulikuwa wakati mbaya kwa mtu yeyote mwenye kalamu. Makarani walizika vyeti vyao ardhini, na walimu walijifanya wachuuzi wa ndizi. Wapiganaji wa waasi walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate, kwa hiyo mtu anayekwenda mtoni kila asubuhi, akapiga magoti mbele ya mbao nyeupe na kuandika, hakuwa mtu wa kupuuzwa. Papa Bolamba angeliona jambo hilo kabla yangu. Mimi niliendelea kwenda.

Wakanikamata nikiwa bado nimepiga magoti. Walinipeleka kwenye nyumba ya zamani ya posta, mbele ya kamanda kijana mwenye ngozi ya mnyama begani. Alichukua daftari langu, akalipitisha ukurasa kwa ukurasa. Juu yetu, siku zile, ndege za serikali zilipita mara kwa mara.

“Tarehe hii,” alisema, “unaandika mbili, kumi na nne. Maana yake ndege mbili, saa nane?”

“Ni mayi, kamanda. Mita mbili na sentimita kumi na nne.”

“Kila siku mayi. Nani analipa mutu kuandika mayi kila siku?”

Ni swali ambalo mimi mwenyewe nimejiuliza mara nyingi. Alilitupa daftari chini akalikanyaga. Hiyo ndiyo alama mnayoiona kwenye jalada. Akasema ataamua baada ya chakula. Mlinzi aliyenishika mkono alinong'ona nisali, na nikaanza kusali.

Kabla kamanda hajamaliza kula, kelele zilisikika uani, kelele za sufuria. Nilichungulia dirishani. Wanawake wa magogo walikuwa wanaingia kwa mstari, wanakaa chini kwenye udongo, wanatandika majani, wanaanza kukata pondu kana kwamba wako kwao. Walinzi walielekeza bunduki. Hakuna aliyesimama. Wala hakuna aliyepandisha sauti.

Kamanda alitoka na mdomo una mafuta. “Munatafuta nini?”

“Tunangoja ule wa mayi,” alisema Mama Tabita. “Tutaikala tu.”

“Iko mupelelezi. Daftari yake iko na siri.”

“Daftari yake iko na mayi. Uniulize.”

“Weye unajua kusoma?”

“Sijui. Uniulize siku, nitakuambia mayi ilikuwa wapi. Yeye atakuambia namba. Kisha angalia mu daftari.”

Sijui kwa nini kamanda alikubali. Labda alikuwa ameshiba. Alinitoa nje, akanisimamisha nimegeukia ukuta, akafungua daftari.

“Noeli ya mwaka uliopita.”

Mama Tabita alifikiri. “Mayi iligusa miguu ya jiwe kubwa, ile inalala kama kiboko. Juu ilikuwa kavu. Tulikulia pale, na mutoto wa Elia alitapika.”

“Weye,” kamanda aliniambia, “mayi ikigusa pale inakuwa ngapi?”

Nilifumba macho nikaiona mbao. “Mita moja na sitini. Au pungufu kidogo.”

Kamanda alipitisha kidole kwenye ukurasa. “Moja, hamsini na nane,” alisoma.

Akauliza siku nyingine, siku ya mazishi ya katekista. Mama Tabita alisema magogo mawili yalizama vichwa. Nikasema mita tatu na ishirini. Daftari lilisema tatu na kumi na saba. Wapiganaji wakaanza kusogea karibu, kama watu wanaotazama mchezo.

Siku ya tatu kamanda aliichagua mwenyewe, mwanzoni mwa mvua. Mama Tabita alisema maji yalikuwa juu sana, yamechukua vikapu saba. Nikataja namba. Kamanda alisoma, akalifunga daftari polepole. Namba ya daftari ilikuwa ndogo, zaidi ya mita nzima chini ya yangu.

“Alors,” alisema. “Mumoja kati yenu iko muongo.”

Kisha nikasikia sauti ya Mama Tabita, haina haraka. “Siku ile hakufika. Sisi tulikuwa pale, tunafuata vikapu. Yeye hatukumuona.”

Nikakumbuka. Nilikuwa na homa, nimelala siku nne. Nilipopona niliona nafasi nne wazi, nikaona aibu kuziacha, nikazijaza kwa kukisia. Hapakuwa na Papa Bolamba wa kunikemea.

“Ni kweli,” niliuambia ukuta. “Siku ile sikuona. Niliandika kwa kubahatisha. Nilidanganya.”

Kamanda alinigeuza anitazame. Akacheka, kicheko kifupi cha puani. “Mupelelezi haandikake siri kwa kubahatisha,” aliwaambia wapiganaji wake. “Huyu iko muvivu tu.” Akanitupia daftari. Ndiyo shahada pekee niliyowahi kupewa hadharani.

Tulitembea kurudi mtoni, wanawake mbele, mimi nyuma. Nilimshukuru Mama Tabita.

“Hatukuikala kwa ajili yako,” alisema. “Daftari yako inasema ule mukono haukaukake. Ukikufa, injinia mwingine atasema unakauka, na nani atamukatalia?”

Nikaona ni wakati wa kuuliza. “Mama, nani alikuwa anawaambia tutapanda wapi?”

“Hakuna mutu.”

“Mama.”

“Injinia yenu mwenyewe. Kila magaribi alikuja peke yake, akasimama kwenye jiwe, mikono kiunoni, akavuta sigara. Kwenye alisimama, kesho yake mulikuja.” Aliihamishia sufuria mkono wa pili. “Sisi tunasoma mayi tangu babu. Mutu mumoja atatushinda?”

“Na Papa Bolamba?”

Alisimama. “Bolamba? Muke yake ni mudogo yetu, tumbo moja. Tulimuuliza mara mbili atusaidie. Alikataa. Alisema siri ya kazi iko siri ya kazi. Elia alimupelekea samaki ya kumubembeleza, na bado alikataa. Tulimukasirikia sana.”

Nilichukua sufuria yake nikaibeba mpaka tulipofika.

Njia ya mto ilipofunguka tena, nilipanda mtumbwi kwenda Yanonge. Sikujua kama nitamkuta hai. Nilimkuta mwambani amepiga magoti, koti lile lile. Alingoja mawimbi yake kumi, akaandika, ndipo akanisalimia. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa.

“Karatasi yako niliisoma,” alisema. “Injinia alinionyesha siku ile ile.”

“Kwa nini hukusema, Papa?”

“Weye kwa nini haukuuliza?”

Mke wake alituletea pondu na samaki, tukala sahani moja. Alinihoji kuhusu mbao, kuhusu penseli. Nilimwambia nafasi yake Kisangani ipo, ofisi iko tupu, arudi. Alitikisa kichwa.

“Nimekusamehe, Ramazani, hapana kuogopa. Lakini hapa mi iko peke yangu na mayi. Mayi haiandikaka barua.”

Hakurudi. Alisoma mbao ya Yanonge mpaka alipokufa, na kila mwezi alituma namba zake kwa wenye mitumbwi, ndani ya bahasha iliyoandikwa “Kwa Ofisi”. Jina langu hakuliandika juu yake hata mara moja. Na mimi nilirudi nikafuta zile siku nne. Mtaziona kwenye daftari la kiatu: zimekwaruzwa kwa wembe, wazi.

Ninyi mmezoea kusema vita ndivyo vilivyozuia bwawa lile. Vita viliahirisha tu. Miaka mingi baadaye alikuja injinia wa tatu, akatoa kabatini ramani ile ile, akaongeza sahihi. Huyu alikuwa mwangalifu. Hakwenda mtoni kuvuta sigara. Aliwakusanya watu watano ofisini, akatuonyesha vigingi vitapandwa wapi na siku gani, akasema neno lisitoke. Mimi nilitoka saa nne asubuhi, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Tabita. Alikuwa mzee, macho yameingia ukungu. Nilimtajia mawe kwa majina yake, sio kwa namba zetu, ili asikosee.

Siku ile tulipofika, wanawake walikuwa wamekaa, mabinti na wajukuu wa wale wa kwanza, sufuria zinachemka. Vigingi tulivyobahatika kupanda vilirudi barazani vimeoshwa. Mambo yakaenda hivyo miezi mitano. Watu wa ng'ambo, wenye fedha za bwawa, waliokuja kukagua kazi waliwakuta wanawake mwambani, wakaomba kuona vipimo vya kiangazi, nikawapa madaftari yote. Wakaona wenyewe kwamba mkono ule haukauki, wakaondoka, ramani ikarudi kabatini.

Kabla ya hapo injinia alitafuta mtoa habari. Alimshuku dereva, kwa sababu alizaliwa karibu na maporomoko, akaanza kumwandikia karatasi ya kumfukuza. Aliniita nitie sahihi kama shahidi. Niliitazama ile karatasi. Ilikuwa na mistari miwili.

“Siyo yeye,” nilisema. “Ni mimi.”

Injinia alitabasamu, akanipiga begani. “Papa Ramazani, una moyo mwema. Lakini wewe ni mtu wa ofisi.” Alidhani namwokoa dereva. Hata hivyo aliichana, na kwenye faili akaandika kwamba mtoa habari hajulikani. Maneno hayo bado yapo, nimeyaona juma langu la mwisho kazini.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa jina langu na mkono wangu: mtoa habari alikuwa mimi. Msimtafute mwingine.